Aliyepiga Deki Ulaya Nzima

Chama cha redio kongwe kimeniandikia barua. Gerold anatimiza miaka sabini mwezi wa Novemba na wanamtolea kijitabu, kwa hiyo naombwa nusu ukurasa: alizaliwa lini, alijifunzia wapi ufundi, ana vikombe vingapi. Nusu ukurasa! Nimelala kitanda kimoja na mtu huyu miaka arobaini na sita, halafu wananipimia karatasi kama muuza jibini. Nitaandika ninavyotaka mimi, Irmtraud Wörner. Wakitaka kukata wakate, mkasi wanao.

Gerold alizaliwa Laichingen, huko juu kwenye baridi, mtoto wa mwisho wa mfuma vitambaa. Alipofika miaka kumi na minne alishushwa huku Geislingen awe mwanagenzi kwenye duka la redio. Hapo ndipo nilipomkuta mwaka 1969, nyuma ya kaunta, amezama ndani ya kasha la redio mpaka mabegani. Niliuliza bei ya betri za tochi, akanitajia bila kuinua kichwa. Wiki ile nilirudi mara tatu kununua betri nisizozihitaji. Mara ya tatu aliniangalia, akasema, "Tochi yako ina hitilafu. Ilete niione." Tochi yenyewe sikuwa nayo. Ilibidi niende duka la pili kununua.

Watu walipoacha kutengeneza vitu na kuanza kuvitupa, duka lilifungwa. Gerold akaingia reli, kwenye taa za ishara, akakaa huko mpaka pensheni. Lakini kila jioni alishuka kwenye chumba chetu cha chini ya nyumba, kwa redio zake za valvu, zile za mezani zenye kasha la mbao na vichupa vya kioo vinavyowaka ndani. Watu walimletea kutoka Ulm, kutoka Göppingen, hata kutoka Bavaria. Chama kilimpa meza ya matengenezo, na aliyeketi kwenye meza ile ndiye aliyekuwa fundi wa mafundi. Si mtu wa maneno. Kwa siku hutoa kama kumi na mawili, na matatu kati ya hayo ni "supu iko wapi."

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa hivi. Redio ikiletwa, siku ya kwanza haiguswi na umeme. Anaifungua mgongo, anainusa, anaipiga vumbi kwa brashi ya mchoraji. Kisha anatafuta vile vijibomba vya karatasi na lami vya kutunza umeme, vilivyooza kwa uzee. Fundi mwingine angevikata na kuweka vipya vya plastiki, kazi imekwisha. Gerold anakipasha moto kila kimoja, anakitoa matumbo, anaingiza kipya kidogo ndani ya ganda lile lile, kisha anaziba kwa nta nyeusi. Ukichungulia hujui kama kuna mtu aliyepita humo. Kazi yake ikionekana, yeye huona aibu.

Na kuna kioo, kile kirefu cha mbele chenye majina ya stesheni: Luxembourg, Hilversum, Roma, Beromünster. Majina hayo yamepigwa kwa rangi upande wa nyuma, na rangi ikishafika miaka hamsini inashikilia kwa mazoea tu. Ukigusa kwa maji, imekwenda. Mbele unaweza kupangusa, nyuma hapaguswi, brashi kavu tu. Kila mwanachama analijua hilo kama jina lake mwenyewe. Vioo hivyo havitengenezwi tena, na ukitaka kimoja itabidi upate redio nyingine nzima uiue. Anayefuta kioo ni mwanagenzi wa wiki ya kwanza, na hata huyo huchekwa mwaka mzima.

Mimi nililijua hilo. Naliandika mapema ili asiwepo wa kunitetea.

Sasa aje Roswitha Amthor. Sisi tunakaa ghorofa ya pili, yeye chini kabisa. Ni mjane, mtu wa Thuringia, mwenye kucha nyekundu akiwa na miaka sitini na moja na kicheko kinachopanda ngazi kikiwa peke yake. Kwa miaka kumi na mmoja tulikuwa tukiitana Bi Amthor na Bi Wörner, habari za asubuhi, habari za jioni, na hali ya hewa. Februari mwaka 2009 alipanda kwetu akiwa ameshika kofia ya sufu mkononi.

"Bwana Wörner, samahani sana. Kwenye dari ya wakwe zangu kuna redio ya mwaka hamsini na tano. Marehemu mume wangu aliisikilizia mpira utotoni. Haijasema neno tangu sijui lini, na ina uzito wa ng'ombe."

"Nitaibeba," akasema Gerold.

Hakuuliza ni ya aina gani. Nilisimama pale na mwiko mkononi, nikaona. Mtu mwingine humhoji dakika ishirini mlangoni kabla hajamkubalia.

Akaibeba. Tangu siku hiyo Bi Amthor akawa anashuka chumba cha chini kila Jumanne na kila Alhamisi, alasiri, na chupa yake ya kahawa. Kidirisha cha chumba kile kiko chini ya dirisha langu la jikoni. Nilikuwa nikifungua dirisha, ati natoa mvuke wa sufuria. Kicheko chake sikukijali sana, kwa maana hucheka hata na mpeleka barua. Kilichonichoma ni sauti ya Gerold. Alikuwa anazungumza! Sentensi juu ya sentensi, zinapanda, zinashuka, zinapumzika, zinaendelea. Maneno yenyewe sikuyapata kwa kelele za barabarani, ila sauti ilinifika vizuri. Mume wangu alikuwa akimmiminia mwanamke mwingine maneno ya mwaka mzima kwa alasiri moja, halafu akipanda kwangu anauliza supu iko wapi.

"Kazi inaendaje?" nilimwuliza.

"Inaenda."

"Naona ina hadithi nyingi."

"Ina valvu saba," akasema, akaendelea kula.

Niliona wivu. Sitaki kulipamba neno hilo. Nilikuwa na miaka hamsini na tisa, wajukuu wawili, na nilikuwa nasimama mbele ya kioo cha bafuni nikitazama kucha zangu.

Halafu ikaja Jumamosi ile ya Mei. Katika nyumba yetu kila familia ina wiki yake ya kufagia ngazi, na kibao cha zamu hutundikwa kwenye mlango wa mhusika. Tangu tuhamie, zamu yetu nimeifagia mimi. Sidhani kama Gerold alijua ufagio unakaa wapi. Basi natoka na ndoo ya takataka, na huko chini namwona mtu ameinama anafagia pembe za ngazi, taratibu, pembe kwa pembe, jinsi anavyopiga vumbi redio. Ni yeye. Na kibao kiko kwenye mlango wa Bi Amthor.

"Unafanya nini?"

"Nafagia."

"Hilo naliona. Zamu ya nani?"

"Ya Roswitha. Mgongo unamsumbua."

"Roswitha?" Niliitua ndoo. "Tangu lini amekuwa Roswitha?"

"Tangu Jumanne. Alisema miaka kumi na mmoja inatosha."

"Na mgongo wangu mimi ni wa chuma?"

Akasimama, akafikiri kweli kweli, maana yeye ukimwuliza swali hulitafutia jibu. "Hujasema kama unauma," akasema.

Mlango wa ghorofa ya kwanza ulifunguka upana wa kidole. Kufikia Jumatatu mtaa mzima ulijua kwamba Wörner anamfagilia mjane. Kwenye duka la mikate muuzaji alinipa mikate yangu kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko matusi.

Mwezi wa Julai kasha lilikuwa limekwisha. Gerold alikwenda Ulm kutafuta kamba ya kuzungushia mshale wa stesheni, akasema atarudi saa kumi. Nilishuka chumba cha chini kuweka chupa za jamu ya matunda mekundu rafuni. Nilikuwa na kitambaa cha siki begani, kwa sababu chupa zilikuwa zinanata. Redio ilikuwa mezani. Mbao zake zilikuwa zinang'aa, kitambaa cha spika kimeoshwa, vitufe vyeupe vimepangwa safi. Ilikuwa nzuri, na uzuri wake wote ulikuwa wa mtu mwingine. Kando yake, juu ya taulo jeupe, kilikuwa kimelala kioo.

Kwenye kioo palikuwa na alama mbili za vidole. Vidole vyembamba.

Mwulize mwanamke yeyote wa kwetu kama anaweza kupita mbele ya kioo chenye alama za vidole akakiacha. Nilikinyanyua, nikapangusa mbele. Alama hazikutoka zote. Nikakigeuza.

Hilversum ilikuja yote na kitambaa. Nilitazama pale ilipokuwa, pakavu, pako wazi, kisha nikatazama kitambaa, kimeshika doa la dhahabu. Jina lile la kwanza lilitoka kwa mkono wa mazoea, nakubali. Mengine niliyafuta mwenyewe. Luxembourg, Roma, Stuttgart yetu wenyewe. Nilifuta nusu nzima ya kushoto, na kila jina lilipotoka nilisikia raha, raha ndogo yenye joto, kisha mkono ukanichoka nikakirudisha kwenye taulo. Niliondoka na jamu zangu. Nilisahau hata kuziweka rafuni.

Gerold alirudi saa kumi. Saa kumi na robo alipanda, akasimama mlangoni pa jikoni. Kitambaa kilikuwa kimening'inia bombani, doa linaonekana. Nilikuwa nakata viazi vya saladi, nikangoja apige kelele. Nilikuwa nimeandaa majibu. Aliangalia kitambaa, akakichukua, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni.

"Leo tunakula nini?" akauliza.

Kisha akashuka. Nilitoka kwenye ngazi nikasikiliza. Aligonga kwa Bi Amthor, mlango ukafunguliwa.

"Roswitha, nimekuharibia kioo. Nimekifuta kwa maji."

"Wewe?"

"Mimi."

"Gerold, wewe?"

"Mkono uliteleza. Nisamehe."

Mtu mwenye akili timamu angeona haya hapo. Mimi niliona wivu mpya. Miaka yote ile hajawahi kuniomba msamaha hata kwa kusahau siku yangu ya kuzaliwa, na sasa amekwenda kumwomba yule kwa kosa ambalo si lake!

Alhamisi ya kwanza ya mwezi chama hukutana mkahawa wa Lamm, na kwa kuwa Gerold hunywa bia mbili, mimi ndiye huendesha gari. Alisimama mbele ya wenzake kumi na wawili akasema kioo amekifuta yeye, kwa kitambaa chenye siki. Mwenyekiti, Volkmar Dieterle, akapiga meza.

"Jamani! Gerold amepiga deki Ulaya nzima! Luxembourg kwaheri, Hilversum kwaheri, Roma hata Papa haonekani!"

Walicheka mpaka wahudumu wakaja kuchungulia.

"Mwenzangu, madirisha yangu ni kumi na sita, uje lini?"

"Mpeni ndoo huyo, anywee bia humo humo!"

Gerold alikunywa bia yake. Hakunitazama hata mara moja. Ilipofika saa ya kuondoka Volkmar alimshika bega, akamwambia kwa sauti ya chini, na huo ulikuwa upole wake, kwamba meza ya matengenezo ingekaa kwake kwa sasa, mpaka Gerold apumzike. Macho huchoka, alisema. Mikono pia.

Watu wakaacha kuja. Redio iliyokuwa itoke Göppingen ikapelekwa kwa Volkmar. Ya Bi Amthor aliimalizia, maana Gerold haachi kitu njiani, ila hakuanza nyingine. Akaanza kukaa juu na mimi. Nilikuwa nimetaka nini kingine? Mume wangu alikuwa jikoni kwangu asubuhi na jioni, mikono juu ya meza, ananitazama nikimenya karoti. Ile mikono sikuwahi kuiona imelala. Siku moja niliharibu kibaniko cha mkate makusudi nikampa. Alikifungua, akakitazama ndani, akakifunga.

"Nunua kingine," akasema.

Na Jumamosi zote Bi Amthor akawa anapanda na keki ya matunda ya zambarau, ya moto, kumfariji.

"Kula, Gerold. Kioo ni kioo. Mimi nataka kuisikia, si kuisoma."

Nilikata keki ile kwa kisu changu, mezani kwangu, nikampa mume wangu kipande alichookewa na mwanamke mwingine, nami nikala changu. Nilitaka kumfukuza. Ningemfukuza kwa kosa gani? Ili keki zikome ilibidi niseme, na kila Jumamosi nilikuwa natafuna badala ya kusema.

Oktoba ikafika maonyesho ya chama, kwenye ukumbi wa michezo. Kila mwaka redio moja iliyofufuliwa huwashwa jukwaani na mwenyewe, mara ya kwanza, mbele ya watu. Mwaka ule ilikuwa ya Bi Amthor, ilikwisha tangazwa tangu masika. Watu walikuwa kama mia mbili. Gerold hakukaa mstari wa mbele na mafundi. Alijitolea kusimama nyuma, kulinda makoti ya wageni.

Volkmar akashika maikrofoni, akasifu mbao, akasifu spika, kisha akafika kwenye kioo. Nusu ya kulia imejaa miji, nusu ya kushoto tupu. Akarudia utani wake wa deki, na ukumbi ukacheka. Mgeni mmoja kutoka chama cha Ulm akauliza kwa sauti, "Fundi gani amefanya hivyo?"

"Yule pale," akasema Volkmar. "Anayelinda makoti."

Vichwa vyote viligeuka. Gerold akainua mkono, kama mtoto anayeitwa jina darasani. Aliuinua vizuri, akauacha juu kidogo ili kila mtu amwone.

Mkono ule ulinishinda. Nilisimama na kiti kikaanguka nyuma yangu.

"Nilifuta mimi!"

"Irmtraud, kaa," akasema Volkmar, cheko bado liko mdomoni.

"Sikai! Na wewe zima hicho kidude chako. Gerold hajafuta kioo tangu azaliwe, na ninyi nyote mlioletewa redio zenu zikiimba mlitakiwa kujua. Nilishuka mimi na kitambaa cha siki."

"Lakini ulikuwa hujui, maskini..."

"Nilijua! Nilifuta kwa wivu. Umesikia? Nilimwonea wivu Bi Amthor, na kucha zake, na ufagio wake, na keki zake. Haya, washa maikrofoni utangaze."

Hakutangaza. Bi Amthor alikuwa jukwaani kando ya redio yake. Alinitazama, na sikuona hasira usoni mwake, niliona mshangao.

"Unionee wivu mimi?" akasema. "Bi Wörner, mimi nikirudi nyumbani nawasha taa zote ili ionekane kuna watu."

Kisha akageuka akabonyeza kitufe. Ilichukua kama nusu dakika, valvu zikipata moto, halafu muziki ukatoka, mzito, wa chini, umejaa ukumbi mzima. Hakuna aliyepiga makofi. Volkmar alishuka jukwaani, akapita katikati ya viti mpaka kwenye makoti, akamshika Gerold mkono kwa mikono yake miwili. Meza ilirudi kwake siku ile ile. Hilo mnalijua, liandikeni.

Msilolijua ni la njiani. Aliendesha yeye, alikuwa amenipokonya funguo. Alikuwa amekasirika, na Gerold akikasirika hupunguza mwendo.

"Nani alikutuma useme?"

"Walikuwa wanakucheka."

"Mimi wangenicheka mpaka Krismasi. Wewe watakusema mpaka unakufa. Nilipiga hesabu."

Kwenye njia ya reli kizuizi kilikuwa kimeshuka. Akazima injini, tukakaa. Nikaona kwamba kama siulizi leo siulizi tena.

"Niambie basi. Kule chini, miezi yote ile. Mlikuwa mnaongea nini?"

"Redio."

"Redio tu? Mpaka yeye akawa Roswitha?"

"Alikuwa anashika valvu anauliza, hii inafanya nini? Namwambia. Anashika waya anauliza, na huu unakwenda wapi? Namwambia." Akapangusa usukani kwa kidole gumba, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza, Irmtraud."

Treni ya mizigo ikaanza kupita, mabehewa mengi, hayaishi. Nilitafuta swali langu moja tu, hata dogo, hata la kijinga, nimtolee kama ushahidi. Nilipita miaka yote thelathini na minane tangu tuoane, mwaka kwa mwaka, mpaka kizuizi kikainuka, na sikulipata.